Heathrow na masanduku mawili: Piccadilly au Elizabeth?

Kila mgeni wa London anayetua uwanja wa ndege wa Heathrow huuliza apande treni ya njia ipi kuingia mjini, Piccadilly au Elizabeth. Kwa bei, Piccadilly inashinda wazi: nauli ya Elizabeth hadi katikati ya jiji ni zaidi ya mara mbili. Kwa muda ni kinyume. Elizabeth hukufikisha Tottenham Court Road, katikati ya jiji, kwa kama nusu saa; Piccadilly, isiyopita kituo hicho, hukaribia saa nzima hadi katikati.

Lakini mzigo ndio wenye maneno. Elizabeth ilifunguliwa 2022, mabehewa yake mapana, na vituo vyote vina lifti au njia isiyo na ngazi. Treni za Piccadilly ni za miaka ya 1970, na jioni sanduku lako hukaa juu ya vidole vya watu. Halafu, kwa Piccadilly, kuna suala la kituo cha kushukia. King's Cross na Green Park zina lifti mpaka kwenye treni. Holborn hakuna, na mimi niliwahi kusimama pale chini ya eskaleta na kilo 46, nikijuta.

Ukifikia karibu na King's Cross, okoa pesa. Ukielekea Whitechapel, mashariki mwa London ambako Elizabeth hufika, au una mtoto mgongoni, lipa ya Elizabeth. Kituo chochote utakachoshukia, tafuta geti pana la tiketi wakati wa kutoka. Yale membamba hubana masanduku.