Dodoma kwa SGR, zabibu na mvinyo: uzoefu wangu wa wikendi ya watu wawili kutoka Dar

Kwa wapenzi au wanandoa wa Dar wanaotaka kula vizuri na kunywa mvinyo bila haraka, mimi nawapeleka Dodoma kabla ya Zanzibar. Zanzibar ina pweza na urojo, lakini mvinyo wote wa kule umesafirishwa. Dodoma mnakula zabibu shambani mchana, na jioni mnakunywa kilichotoka kwenye mizabibu ileile. Tangu SGR, yaani treni ya umeme ya reli mpya, ianze kubeba abiria hadi huko Julai 2024, safari inachukua saa tatu na nusu hadi nne, wakati basi linakula siku nzima. Kingine, hakuna kati yenu anayekaa kwenye usukani, kwa hiyo wote wawili mnaonja.

Sharti langu ni moja: mlale usiku mbili. Wanaokwenda Jumamosi na kurudi Jumapili hurudi wamechoka, na kiwanda cha mvinyo hawajakiona, kwa sababu viwanda vina saa za ofisi. Chukueni ruhusa ya Ijumaa. Pandeni treni ya asubuhi, mchana huo nendeni kiwandani, Jumamosi iwe ya nyama choma kwenye mnada wa Msalato, Jumapili mrudi.

Tiketi inakatwa kwenye mfumo wa TRC, Shirika la Reli Tanzania, mtandaoni. Unachagua viti, unapata kontroli namba, yaani namba ya malipo, unalipa kwa simu. Lipa palepale, kwa kuwa namba hiyo ina muda wake na ukiisha unaanza upya, pengine viti viwili vya pamoja vikiwa vimeshachukuliwa. Jina kwenye tiketi liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 ilikuwa Sh 31,000, maana yake watu wawili kwenda na kurudi ni Sh 124,000. Daraja la kawaida linatosha kabisa. Tofauti ya fedha ipelekeni kwenye chakula.

Fikeni stesheni saa nzima kabla. Kuna ukaguzi wa vitambulisho na mizigo, na treni haimngoji mtu. Kwa wanaotoka Kimara au Ubungo, mwendokasi wa Gerezani unawashusha jirani. Kaeni dirisha la kushoto mnapokwenda: milima ya Uluguru inaonekana upande huo mnapokaribia Morogoro. Baada ya Kilosa kuna mahandaki na mabonde ambayo usiku huyaoni, ndiyo maana nasisitiza treni ya mchana. Mkianza kuona mibuyu mingi, mmeshaingia nchi ya Wagogo.

Sasa kuhusu majira, hapa ndipo wengi wanapokosea. Mzabibu wa Dodoma unazaa mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza kama Ulaya. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogolea, na miezi minne hivi baadaye anavuna. Msimu mmoja unaangukia kati ya Januari na Machi, mwingine Agosti na Septemba. Nendeni Agosti au Septemba. Msimu wa mwanzo wa mwaka unagongana na mvua: punje zinanyonya maji, sukari inashuka, ukungu unaingia kwenye vichala, na mkulima analazimika kuvuna mapema kabla hazijaoza. Za kiangazi zinaiva polepole chini ya jua kavu, na utamu wake unausikia kwenye punje ya kwanza. Usiku wa Agosti una ubaridi na upepo, bebeni sweta.

Angalieni pia ratiba ya Bunge. Kikao kikiendelea, na kile cha bajeti kinaanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, vyumba vizuri vinakwisha na bei inapanda. Habari njema ni kwamba wafanyakazi wengi wa Dodoma wana familia Dar: Ijumaa jioni wanakuja huku, Jumapili wanarudi kule. Ninyi mnakwenda kinyume nao.

Kiwanda msikiendee bila kupiga simu. Hombolo, takriban kilomita 40 kutoka mjini, ndiko kilipo kiwanda cha Cetawico, na kuna viwanda vingine vidogo kwa vikubwa kuzunguka mji. Hakuna utamaduni wa mgeni kujitokeza getini na kukaribishwa kuonja, kwa hiyo piga siku mbili tatu kabla, sema mko wangapi, uliza kama kuna mtu wa kuwatembeza na kama wanauza chupa palepale. Uliza pia kama wanakamua wiki hiyo, maana matangi yakiwa matupu mnaangalia chuma tu. Kodini gari lenye dereva kwa nusu siku, mkubaliane bei ikiwa na muda wa kusubiri ndani yake. Bajaji si ya safari hii.

Mkifika, ulizeni mambo mawili. La kwanza, joto la matangi wakati wa kuchacha, yaani sukari ya zabibu inapogeuka kilevi. Mvinyo mweupe unataka ubaridi, kati ya nyuzi 12 na 18 za Selsiasi. Ukichacha kwenye joto kali, harufu ya tunda inapotea na unabaki na ladha kama ya tufaha lililochoka. Mwekundu unavumilia hadi 28 hivi, na unakaa na maganda yake kwa siku kadhaa, kwa sababu rangi iko kwenye ganda na si kwenye maji ya zabibu. La pili, utamu umetoka wapi. Mvinyo mtamu unaweza kuwa umesimamishwa kuchacha kabla sukari haijaisha, umeongezewa sukari, au umeongezewa pombe kali. Huo wa mwisho una kilevi kingi kuliko unavyohisi mdomoni, na ndio unaowaangusha watu mchana.

Kuonja kuna mpangilio wake: mweupe mkavu, yaani usio mtamu, kwanza, kisha mwekundu mkavu, mtamu mwisho. Mkianza na mtamu, kila kinachofuata kitaonekana kichachu na mtaulaumu mvinyo usio na kosa. Mililita 50 kwa kila aina zinatosha, na aina tano ni theluthi ya chupa kwa mtu mmoja, kwa hiyo kuleni kwanza, maji yawepo, na msione haya kutema. Asubuhi hiyo acheni marashi makali. Kwa ulimi wangu, mvinyo mweupe wa zabibu ya Chenin Blanc ya Dodoma ndio unaosimama vizuri zaidi. Mwekundu wa zabibu ya Makutupora ni mwepesi kuliko ule wa Afrika Kusini tuliouzoea Dar, na anayeutafutia uzito ule atakata tamaa. Unywe kwa wepesi wake, ukiwa umepoa kidogo, pamoja na nyama.

Na nyama ni Jumamosi, Msalato. Kwenye mnada ule mbuzi ndiye mwenyewe. Chagua kipande kwa macho, kipimwe mbele yako, kubaliana bei kabla hakijagusa moto. Kilo moja yenye mifupa inawatosha watu wawili pamoja na ndizi na kachumbari. Nyama huchomekwa kwenye vijiti na kusimamishwa kuzunguka moto, inaiva kwa joto la pembeni, kwa hiyo hesabuni saa nzima au zaidi, na msimharakishe mchomaji: akiisogeza karibu kwa ajili yenu, itaungua nje na kubaki na damu kwenye mfupa. Fikeni kabla ya saa sita, vipande vizuri vikiwa bado vipo. Kama mwenye banda anaruhusu chupa yenu, ifungeni kwa kitambaa kilicholowa na muiweke kivulini penye upepo. Hewa ya Dodoma ni kavu, maji yanakauka haraka na kuipoza chupa. Dar mbinu hii haifanyi kazi kwa sababu ya unyevu.

Jioni tafuteni perege wa bwawa la Mtera, akaangwe mkavu, ndimu pembeni, na Chenin Blanc iliyotoka kwenye friji. Hapo ndipo fedha ya safari inarudi. Ugali wa uwele kwa mlenda nao msiukose, ila uleni mchana na maji. Utelezi wa mlenda unafunika ulimi na mvinyo wowote unageuka maji machungu.

Kurudi: chupa sita zina uzito wa kilo saba na zaidi, kila moja ivingirishwe nguo na begi mlishike wenyewe. Zabibu mbichi chagueni zenye kikonyo cha kijani na ule ungaunga mweupe juu ya ganda. Kikonyo kikiwa cha kahawia, zimekaa. Zipangeni kwenye boksi pana, tabaka mbili tu, toeni zilizopasuka, na msizioshe hadi saa ya kula, maana unyevu ndio unaoleta ukungu. Nyingi ni za kutengenezea mvinyo: ndogo, zina mbegu, ganda nene, tamu sana.

Nyumbani Dar, chupa isikae juu ya friji wala ndani ya gari. Mwekundu uwekeni kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina, kwa sababu nyuzi 30 za sebuleni zinainua harufu ya kilevi na kuzima tunda. Ukishafunguliwa, muufunike na kuurudisha kwenye friji, muumalize ndani ya siku tatu.