Hosteli Malindi: nimelala singo, ya wawili na ya wanne

Wanaokuja kuanza chuo huku wananiuliza sana, nichukue singo ama nishee? Mi nawaambia idadi ya vitanda iweke kando kwanza, angalia dirisha linatazama wapi na uko orofa ya ngapi. Hosteli yetu ni ya mtu binafsi, iko upande wa Barani, na vyumba vyote nshavilala (ya wanne nilikua mgeni wa binamu yangu tu, lakini mgeni wa kila wikendi).

Singo zote ziko juu kabisa na hapo ndo mafresha huvutika, mlango wako, ufunguo wako, hakuna wa kukuuliza umetoka wapi. Semista ya kwanza nilipewa hiyo manake zingine zilikua zishajaa. Septemba kusi bado inavuma, dirisha wazi, unajifunika leso na feni huwashi, unasema hapa nimefika. Ngoja kaskazi ishike sasa, Desemba mpaka Machi, ile slebu imechomwa na jua kutwa nzima inaanza kukurudishia joto usiku, saa nne ukiweka kiganja ukutani ni kama umeshika birika, na feni inazungusha hewa moto ile ile tu. Nilikua nabeba mkeka naenda kulala koridoni. Na singo ndo ghali kuliko zote, wallahi!

Ya wanne iko chini, dabodeka mbili, bei ni rahisi na kuna baridi kiasi, lakini mbu wa chini ni wengine na ukilala kitanda cha juu neti huna pa kuifunga. Mwezi wa Ramadhani ndo nilicheka, binamu yangu na mwenzake wanaamka daku, wale wawili wengine hawafungi, saa kumi alfajiri sufuria inagonga, kijiko kinaanguka, tochi ya simu inamulika kila mahali, na yule mwenye mtihani asubuhi anageukia ukuta kimyaaa. Hawakugombana lakini mambo hayo muongee mapema.

Sasa niko ya wawili, orofa ya kwanza, dirisha linatazama mashariki upande wa bahari kwa hivyo iwe kusi iwe kaskazi upepo naupata, na juu yangu kuna watu, slebu hainihusu. Jua la asubuhi linaingia mapema, kama wewe ni wa kulala mpaka saa tatu sahau. Mwenzangu ametoka Kitale, tunaelewana, ila bado analaumu sabuni eti ni feki haitoi povu. Dadangu, ni maji ya kisima hayo, chumvi tupu! Ya kupikia tunanunua mitungi.

Kabla hujalipa depositi muulize keateka mita ya stima ni yenu ama ni ya korido. Sisi tuna yetu, tunachanga nusu kwa nusu, namba 20 za tokeni anaziingiza mwenzangu manake mi macho yananiruka. Kule kwa wanne mita ni moja vyumba vyote vya chini, mwenye koili na pasi anachanga sawasawa na mwenye chaja ya simu pekee, na tokeni ikiisha usiku kila mtu ghafla yuko usingizini.