Strat-O-Matic: kadi na dadu za kupanga kikosi cha wakali wa besiboli wa zama zote

Kwa wale mnaoishi huku Marekani na mmeshaanza kuionja besiboli, kama hamjawahi kucheza Strat-O-Matic mnajinyima raha kubwa sana. Huu mchezo wa mezani aliubuni Hal Richman wa New York, upo sokoni tangu 1961 na mpaka leo watu wanausubiri kila kadi mpya za msimu zikitoka. Sasa uzuri wenyewe haupo kwenye kucheza msimu wa mwaka jana, upo kwenye drafti ya zama zote, yani mnachagua kwa zamu wachezaji wa miaka yoyote. Hebu fikiria ungeweza kuwapanga Sunday Manara na Mbwana Samatta kwenye kikosi kimoja halafu mechi ikachezwa kweli, matokeo yakatoka. Ndo hiki hapa.

Kadi usitegemee mapambo, ni safu za maandishi tu zilizotokana na takwimu za mchezaji msimu fulani. Unarusha dadu 3, moja nyeupe na mbili nyekundu. Nyeupe ikitoka 1, 2 au 3 unasoma kadi ya mpigaji, ikitoka 4, 5 au 6 unasoma ya mrushaji, halafu unajumlisha zile nyekundu unapata mstari wako. Basi mtu aliyeuzoea akishika kadi macho yanaenda kwanza kwenye 6, 7 na 8, maana jumla ya 7 inapatikana kwa njia 6 kati ya 36 wakati 2 na 12 zina njia moja moja tu, homurani (pigo linalomrudisha mpigaji nyumbani moja kwa moja) iliyoandikwa kwenye 7 na iliyoandikwa kwenye 12 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na hiyo nusu kwa nusu ndo inaifanya drafti iwe kazi ya akili. Wengi wakianza wanakimbilia namba za kutisha. Mrushaji Bob Gibson 1968 alimaliza na ERA (wastani wa pointi anazofungwa mrushaji kwa mechi nzima, ikiwa ndogo ndo bora) ya 1.12, kila mtu anamtaka, Pedro Martínez 2000 alikuwa na 1.74 watu wanaona huyu ana nafuu kidogo. Subiri kwanza. 1968 warushaji wote walikuwa wanatesa, ERA ya ligi ya Gibson ilikuwa 2.99, mpaka mwaka uliofuata wakashusha kile kichuguu anachosimama mrushaji kutoka inchi 15 mpaka 10. Pedro yeye alirusha kwenye ligi yenye ERA ya 4.91, wapigaji wanapiga kama wamepagawa, na bado waliomkabili walipata wastani wa kupiga wa .167 tu, yani mapigo 167 kwa kila zamu 1000. Sasa kwa kuwa nusu ya marusho ya dadu inaangukia kwenye kadi ya mpigaji, na wapigaji wa 2000 kadi zao zimenona, kadi ya Pedro lazima iwe kavu kupita kiasi, yani isiwe na mapigo mengi, ili hesabu ya msimu wake itimie. Mimi nikipewa nafasi kati ya hao wawili namchukua Pedro bila kuuliza mtu.

Kwa wapigaji hesabu inageuka. Carl Yastrzemski alichukua ubingwa wa kupiga wa American League (moja ya ligi mbili za besiboli kuu, nyingine ni National League) 1968 kwa .301, watu wanampita wakidhani wa kawaida, kumbe ligi nzima ilipiga .230. Bill Terry .401 ya 1930 inatisha ukiitazama peke yake, ila National League yote mwaka huo ilipiga .303! Ndo maana .406 ya Ted Williams 1941 naiweka juu mbali, siyo kwa zile pointi 5 tu anazomzidi Terry.

Kitu kingine usidharau walinzi. Kadi za warushaji zina sehemu zenye X, ukiangukia hapo mpira unaenda kwa mlinzi fulani na matokeo yanategemea daraja lake, 1 ndo bora na 5 ni janga. Shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) ndo anapata kazi nyingi kuliko wote, kwa hiyo mtu wa aina ya Ozzie Smith aliyebeba Gold Glove (tuzo ya mlinzi bora) 13 anaokoa mechi ambazo hutaona hata kwenye karatasi ya takwimu. Wapigaji wazuri wanaocheza pembeni mwa uwanja wapo tele mpaka raundi za mwisho, shotistopu na mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji) wakiisha wameisha.

Na kwa mdakaji naongea kwa moyo wangu wote, chukua Josh Gibson. Huyu mzee alifariki Januari 1947, miezi mitatu tu kabla ya Jackie Robinson kuwafungulia weusi mlango, hakucheza hata mechi moja ya American League wala National League kwa sababu ya rangi yake. Strat-O-Matic walitoa seti ya wachezaji wa Negro Leagues (ligi za weusi enzi za ubaguzi) mwaka 2009, wakati MLB wenyewe, wasimamizi wa besiboli kuu, wameingiza zile takwimu kwenye vitabu vyao 2024, na zilipoingia Gibson akakaa kileleni kwa wastani wa kupiga wa maisha wa .372 akimpita Ty Cobb. Kumwona anasimama mbele ya mrushaji mkali wa zamani Walter Johnson, dadu zinarushwa, kila mtu mezani amenyamaza, hiyo hakuna hela inayoilipa.

Ubaya upo. Ukichukua kanuni za juu kabisa, chati ni nyingi na mgeni atachoka kabla hajapata raha, na msimu wa mechi 162 kwa mkono siyo wa mtu mwenye kazi na watoto, kuna toleo la kompyuta na la mtandaoni kwa ajili hiyo. Ila ushauri wangu anzeni kwa kadi, kanuni za msingi, watu wanne, drafti ya kwenda na kurudi yani aliyechagua wa mwisho raundi ya kwanza ndo anafungua ya pili, na mechi saba saba. Na mkibahatika kupata namba moja, Babe Ruth, yule gwiji wa homurani, mwacheni apite kwa mwingine, mchukueni Josh Gibson kama nilivyowaambia.