Shanga zake nzuri, waya wake uongo mtupu

Nimekaa na hasira hii wiki ya pili au ya tatu sasa, na nimeona nisipoisema itaniozea moyoni. Kuna duka moja la shanga na vifaa vya urembo, ndani ndani Kariakoo. Jina silitaji. Wanaonunua vitu vya kutengenezea bangili wengi wetu tunaishia humo, kwa hiyo nasema na nyinyi.

Kilichonipeleka ni kicheni pati ya mtoto wa dada yangu. Nilijitolea mwenyewe kuwatengenezea kina mama wa kamati bangili kumi na mbili za waya wa kusuka, zenye shanga za buluu kufuata sare. Kusuka nakujua. Mama yangu ni mtu wa Mafia, na nimekua nikikaa naye barazani tunasuka ukili wa mikeka. Vichwa vya mabinti wa mtaa wetu hapa Mbagala vimepita mikononi mwangu visivyo na idadi. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo kiini cha ugomvi wangu.

Niliyemkuta kaunta ni kijana, sawa na mwanangu wa kwanza. Simu mkononi, salamu hakuna. Nikamuuliza huu waya ni shaba kweli au umepakwa rangi. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Kopa tupu, mama. Orijino." Nikachukua rola mbili, elfu nane kila moja, na pakiti nne za shanga. Nilipodai risiti akasema mashine ni mbovu. Kila siku tunaambiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nilidai, nikanyimwa, nikaondoka kwa sababu foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Pale ndipo nilipokosea.

Nyumbani nikakata nyaya tatu za sentimita 35 kila moja, ingawa mkono niliokuwa naupimia ni sentimita 17. Ukisuka urefu unaliwa, na kila ncha inahitaji akiba ya kukunjia kulabu. Nikavinyonga vichwa pamoja kwa praizi, nikavishikiza kwenye msumari nilioupigilia kwenye ubao, nikaanza. Wa kulia juu ya wa kati, wa kushoto juu ya wa kati, kama unavyosuka nywele za mafungu matatu. Tofauti ni moja: kila waya wa nje, kabla hujauvusha kwenda katikati, unautia ushanga mmoja, unausukuma mpaka ugote kwenye msuko, ndipo unauvusha. Ushanga unabanwa ukingoni, hauendi mbele wala nyuma. Ukivuta kwa nguvu sawa pande zote, bangili inatoka na kingo mbili za shanga zilizonyooka, utadhani imepimwa kwa rula.

Ushanga wa saba, tap. Waya umekatika.

Nikajilaumu mimi. Hata shaba nzuri ukiikunja na kuikunjua pale pale inakuwa ngumu, kisha inakatika, na nilikuwa nimefumua hatua mbili kurekebisha. Nikaanza upya, taratibu, bila kufumua chochote. Ukakatika kwenye ushanga wa kumi na moja. Wa tatu haukufika hata wa tano. Hapo nikavaa miwani, nikauinua ule mkato kwenye mwanga wa dirisha. Nje dhahabu inayong'aa, ndani kijivu, kijivu cha msumari. Nikaenda kuchukua sumaku kwenye spika mbovu ya mwanangu. Waya uliruka wenyewe ukaganda. Shaba haishikwi na sumaku, wala dhahabu. Nilikuwa nimeuziwa chuma kilichopakwa rangi.

Kesho yake nikarudi na sumaku yangu kwenye pochi, na kile kipande. Sikwenda kugombana. Nilitaka anibadilishie tu, au aniambie ukweli ili nijue pa kutafutia. Akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudi. Nikamwambia, "Mwanangu," sina shida na kurudisha, shida yangu ni kwamba uliniambia kopa. Nikaweka sumaku juu ya kaunta, waya ukaganda, watu wote wanaona. Kwanza akanyamaza. Halafu akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni:

"Mama, tatizo ni mikono yako. Wenzako wanasuka, haikatiki."

Kuna mdada nyuma yangu alicheka.

Nimeibiwa simu Kariakoo, nimekanyagwa kwenye mwendokasi, nimetapeliwa hata kitenge. Hakuna kilichoniuma kama lile neno. Mikono hii imelea, imesuka mikeka iliyouzwa ikanilipia daftari na sare za shule. Mtoto ambaye hajawahi kusuka hata kamba ya kufungia gunia ananiambia mbele za watu kwamba mikono yangu ndiyo mbovu, na ushahidi umeganda kwenye sumaku mbele ya macho yake. Nilitoka nje machozi yananilenga.

Aliyeniokoa ni baba mmoja anayesuka mota, yaani anazizungushia waya mpya zikiungua, kule Gerezani, nilielekezwa na fundi feni wa mtaani kwetu. Nikamwamkia, akaitikia, akanivutia kiti. Nikamweleza yote. Akacheka kidogo, akakata kipande cha waya wa kusukia mota, akanipa nijaribu kwa sumaku yangu mwenyewe. Haukushikwa. Akaniambia lakini sumaku peke yake haitoshi, maana inakamata chuma tu. Kuna waya wa alumini uliopakwa vanishi ya rangi ile ile ya shaba, na sumaku haiugusi. Dawa yake ni kisu: kwangua kidogo, ukiona weupe, rudisha. Akakwangua mbele yangu, chini ni wekundu mtupu. Waya wake nao una vanishi juu, na vanishi hiyo ikaniondolea shida nyingine ambayo sikuwa nimeifikiria, kwa sababu shaba iliyo wazi ikikutana na jasho inaacha kijani mkononi, na joto la Dar mnalijua. Kwa kulabu akanishauri waya wa umeme wa nyumba, ule wa uzi mmoja, niuchune plastiki, niupashe kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mwekundu kwa mbali, niutumbukize majini. Chuma cha visu ndicho hukazwa kwa moto na maji, shaba inalainika. Ulikunjika kama ukindu mbichi. Weusi wa moto niliusugua kwa ndimu na chumvi ukaondoka.

Bangili kumi na mbili. Mikono ile ile. Haukukatika waya hata mmoja.

Sasa nikizisema shanga za lile duka vibaya nitakuwa mwongo. Ni nzuri mno. Zinalingana, matundu yamenyooka, katika pakiti nne sidhani kama nilitupa shanga ishirini, na rangi ile haikuchuja hata baada ya kina mama kuoshea mikono ya ubwabwa. Nimetafuta buluu ile maduka matano hivi, sijaiona. Na haki ya Mungu, siku ile natoka pale nalia, binti mmoja anayefanya kazi humo alinifuata mpaka kwenye kona, akaniambia, "Mama, samahani. Njoo siku bosi mwenyewe yupo, atakusikiliza." Kwa ajili ya binti huyo nilikuwa nimeamua kuandika kwamba duka ni zuri, mwepukeni tu yule kijana.

Lakini kila nikiandika nasikia ile "mikono yako", na kile kicheko. Bosi ndiye aliyemweka kaunta. Bosi ndiye aliyeagiza chuma akakiita kopa. Na rola zangu mbili ziko hapa kwenye droo. Ile niliyoifungua imeshaanza kutu pale nilipoikata, doa la kahawia limehamia kwenye kitambaa.

Waya wao msinunue, hata mkiapiwa. Shanga, kama mna moyo wa kuingia, ingieni na mdai risiti. Kwangu imebaki pakiti moja ya ile buluu. Ikiisha nitamtuma mtoto wa jirani akaninunulie. Mimi mwenyewe pale mlangoni sipiti.