Uzoefu wangu: kutunza picha za hospitali kwenye simu

Aliyepigwa eksirei mara moja akapona hahitaji programu yoyote, bahasha inamtosha. Mimi mapafu yangu yanafuatiliwa kwa muda mrefu, na picha zimepigwa hospitali tofauti: moja ilinipa filamu, nyingine CD, nyingine kiungo cha kupakua ambacho baadaye kiliacha kufunguka. Kompyuta nyingi siku hizi hazina hata pa kuingizia CD. Ndiyo maana nikageukia simu.

Picha halisi za CT skani (eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande) na MRI (inayotumia sumaku) hutunzwa katika muundo uitwao DICOM, unaotumika duniani kote tangu miaka ya 1990. Faili hubeba picha pamoja na jina lako, tarehe na vipimo vyake. Programu ya kwanza niliyoijaribu ilizigeuza zote kuwa picha za kawaida, kama za kamera. Zilionekana vizuri, lakini daktari hakuweza kubadili mwanga wala kupima chochote. Niliifuta.

Ninayotumia sasa inafungua mfululizo mzima. Natelezesha kidole na kifua kinapita kipande kwa kipande, kuanzia mabegani kushuka. Nikichagua mwonekano wa mifupa, mapafu yanakuwa meusi tii na mbavu zinajitokeza. Nikirudisha wa mapafu, mishipa midogo inaonekana tena. Kusoma picha namwachia mtaalamu wa radiolojia, na skrini ya simu si ya kutolea uamuzi wa ugonjwa. Ila faida yake niliiona daktari mpya alipokuta kidoa kwenye pafu na kuanza kupanga vipimo zaidi. Nilimpa faili za zamani palepale, akaziweka sambamba na mpya kwenye kompyuta yake, akapima. Kidoa kilikuwepo miaka yote hiyo, kwa ukubwa uleule. Kidoa kigumu kisichokua kwa miaka 2 au zaidi kwa kawaida hakitishi, na vipimo vile vikaahirishwa. Ripoti ya zamani peke yake isingetusaidia, maana ilikitaja kwa neno “kidogo” tu, bila kipimo.

Kuna pia sehemu ya kumbukumbu ya mionzi, na hapa sijaridhika. Unaingiza kipimo ulichofanyiwa, yenyewe inajumlisha: eksirei ya kifua kama milisivati (kizio cha mionzi) 0.1, CT ya tumbo karibu 8, MRI na ultrasaundi sifuri kwa kuwa hazitumii mionzi ya aina ya eksirei. (Kwa wastani binadamu hupata kama 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye mazingira yake tu.) Hizo ni takwimu za wastani, wala si mionzi uliyopata wewe, ambayo hutegemea mashine na mwili wako. Mara nyingi faili za CT huja na ukurasa unaoonyesha kiasi cha mionzi ambacho mashine ilitoa, lakini programu haiusomi. Mbaya zaidi, jumla ikipanda inageuka nyekundu. Mgonjwa anayehitaji CT kweli anaweza kuiogopa kwa ajili ya rangi hiyo, na mimi naona watengenezaji waiondoe.

Nafasi nayo inaliwa. Kipande kimoja cha CT ni karibu nusu megabaiti, hivyo vipande 300 ni kama megabaiti 150. Mimi huacha kwenye simu picha za karibuni, zilizobaki ziko kwenye diski ya nje yenye nenosiri. Hilo linawezekana kwa sababu programu inakuruhusu kutoa faili zako zote kama zilivyoingia. Isiyoruhusu hivyo nisingeipendekeza kwa mtu yeyote, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Na kabla ya kumtumia mtu picha, angalieni kitufe cha kuficha jina. Kinafuta maandishi ya ndani ya faili, lakini kwenye ultrasaundi jina mara nyingi huwa limechapwa juu ya picha yenyewe. Za kwangu zilibaki na jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, pembeni juu, hata baada ya kukibonyeza.