Kumbi za mieleka za Melbourne: Festival Hall bado hauna mshindani

Kwa mpenzi wa mieleka anayezuru Melbourne, mji mkuu wa jimbo la Victoria nchini Australia, ninauweka ukumbi wa Festival Hall, ulioko West Melbourne, katika nafasi ya kwanza, ingawa kwa sura ndio duni kuliko wenzake wote. Ukiutazama kutoka Mtaa wa Dudley utadhani ni ghala la bandarini. Sifa zake zimo ndani, ambamo viti vinapanda ngazi kwa ngazi kuizunguka sakafu bapa, na mtazamaji hakai mbali na ulingo.

Mpangilio huo haukuja kwa bahati. Uwanja wa kwanza mahali hapo, uliomilikiwa na kampuni ya Stadiums Limited ya mfanyabiashara John Wren, ulikuwa makao ya ndondi na mieleka hadi ulipoteketea kwa moto mwaka 1955, kisha ukajengwa upya haraka ili upokee ndondi na jimnastiki za Olimpiki ya 1956. Kuanzia 1964 Mmarekani Jim Barnett alileta mieleka ya kulipwa iliyoonyeshwa pia na televisheni ya Channel Nine, na hapo ndipo Killer Kowalski na Mark Lewin walipozomewa na kushangiliwa kwa zamu. Barnett alijua soko lake: wahamiaji wa Kigiriki walikuwa na Spiros Arion wa kumshangilia, na Waitalia walikuwa na Mario Milano. Mashindano hayo yalikoma mwaka 1978. Jengo liliingizwa katika orodha ya urithi ya jimbo mwaka 2018, na mwaka 2020 likanunuliwa na kanisa, kwa hiyo asitarajie mtu kukuta mieleka kila wiki.

Jengo la Royal Exhibition, lililokamilika mwaka 1880 na kuorodheshwa na UNESCO mwaka 2004, linawashinda wote kwa uzuri. Wengi hulijua kwa kuba lake na kwa kufunguliwa humo Bunge la kwanza la Australia mwaka 1901. Wachache hukumbuka kwamba mieleka ya Olimpiki ya 1956, katika mtindo huru na ule wa Kigiriki na Kirumi, ilifanyika humo, uzani nane kwa kila mtindo. Ninalipendekeza kwa matembezi, si kwa mapambano.

Uwanja wa kriketi wa MCG (Melbourne Cricket Ground) ndio unaonishawishi kwa kiwango cha chini kuliko wenzake wote. Onyesho la WWE, kampuni ya Marekani ya mieleka ya kulipwa, la Oktoba 2018, ambamo wanamieleka Triple H na Undertaker walipambana, lilitangazwa kuwa na watazamaji 70,309, idadi ya kujivunia kweli. Lakini ulingo wenye upande wa mita sita hivi unamezwa na uwanja wa ukubwa ule, na aliyelipa kukaa jukwaa la juu huishia kutazama skrini kuliko wanamieleka wenyewe.