Kununua sampu ya tangi kubwa la samaki: pesa ianzie kwenye njia ya kushusha maji

Sampu ni boksi linalokaa chini ya tangi: maji hushuka humo, husafishwa, kisha pampu huyarudisha juu. Anayeitafuta kwa mara ya kwanza huanza na boksi lenyewe: lina vyumba vingapi, ni la kioo au la akriliki. Mimi ningeliacha boksi liwe la mwisho. Maji yakimwagika sebuleni, mara nyingi tatizo liko kwenye bomba linaloyashusha kutoka tangi la juu, au mwenye tangi hakupiga hesabu ya maji yatakayoteremka umeme ukikatika. Kwa hiyo nimepanga vifaa hivi kwa uzito wake: njia ya kushuka, pampu, kisha boksi.

Njia ya kushusha maji

Namba moja ni tangi lililotobolewa na kufungwa mabomba matatu. La kwanza hubeba karibu maji yote, likiwa limejaa bila hewa, na hudhibitiwa kwa koki. La pili huchukua kile kidogo kinachozidi. La tatu mdomo wake uko juu zaidi na hukaa kavu, likingoja siku konokono au jani litakapoziba la kwanza. Mfumo huu hauna kelele, na bomba moja likigoma mengine yanapokea kazi. Nunua koki ya geti, inayofungwa kwa kuzungusha mara nyingi. Ile ya mpini wa robo mzunguko haikupi nafasi ya kurekebisha kidogo kidogo.

Namba mbili ni mabomba mawili: moja la kujaa na moja la dharura. Yanatosha pale penye nafasi finyu, ila koki utairekebisha mara kwa mara.

Namba tatu ni bomba moja lenye tundu la hewa juu. Ni rahisi kufunga, lakini hugugumia, na likiziba hakuna la kulisaidia.

Boksi la kuning'iniza ukingoni, linalovusha maji kwa bomba lililopinda, naliweka mwisho. Mapovu hujikusanya kwenye pindo, mvuto wa maji bombani unakatika, na pampu inaendelea kusukuma maji juu bila kujua. Ukilazimika kulitumia, hakikisha chumba cha pampu hakibebi maji mengi kuliko nafasi tupu iliyobaki tangi la juu. Hapo hata mvuto ukikatika, pampu itaishiwa maji kabla tangi halijafurika.

Kabla hujamwita fundi mwenye biti ya almasi, muulize aliyekuuzia tangi kama kioo kimekazwa kwa joto. Kioo cha namna hiyo hakitobolewi. Kikiguswa na biti husambaratika chote. Matangi mengine yamekazwa kitako tu, na ubavuni unaweza kutoboa.

Hesabu ya umeme kukatika

Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 50. Kila sentimita moja ya kina ni lita 6. Pampu ikizimika na maji ya tangi la juu yakashuka sentimita 3 kabla ya kuacha kuingia mabombani, hizo ni lita 18, na mabomba yanaweza kuongeza lita 2. Lita 20 zote zinakuja chini. Sampu ya sentimita 80 kwa 40 hupokea lita 3.2 kwa kila sentimita, kwa hiyo unahitaji zaidi ya sentimita 6 tupu juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kati ya vile vinavyotenga vyumba vya sampu. Acha 10.

Bomba la kurudisha nalo hufyonza maji kuyarudisha chini pampu ikizimika. Toboa tundu dogo chini kidogo ya usawa wa maji. Likifikiwa na hewa, mvuto unakatika. Usiweke imani yote kwenye vali ya kuzuia maji kurudi, kwa sababu chembe moja ya mchanga inatosha kuiacha wazi.

Pampu

Namba iliyoandikwa kwenye kasha ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Tazama mchoro wake wa kiasi cha maji kwa kila kimo, penye kimo ambacho maji yako yatapandishwa. Lengo zuri ni maji ya tangi kupita sampuni mara 5 hivi kwa saa: tangi la lita 400 linataka lita 2,000 kwa saa zinazofika juu kweli, si zile za kasha. Ningechagua kwanza pampu ya kuzama yenye kidhibiti cha kasi. Ya kasi moja inafuata, ukiifungia tawi la kurudisha ziada sampuni. Pampu ya nje ya maji iache, labda tangi liwe kubwa mno. Ina kelele na viungo zaidi vya kuvuja.

Boksi

Hapa ndipo pa kubana matumizi. Tangi la zamani la kioo lisilovuja, ukilikatia vizuizi vya kioo na kuvigandisha kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, linafanya kazi sawa na la kuagiza. La pili ni la kioo lililotengenezwa kwa vipimo vya kabati lako. La akriliki ni jepesi na zuri, lakini hukwaruzika, na silikoni haishiki vizuri juu yake ukitaka kubadili kitu. Beseni la plastiki hutuna likijaa, na vizuizi huachia.

Chochote utakachochukua, chumba cha pampu kiwe kipana, maana ndiko upungufu wa maji yaliyogeuka mvuke huonekana. Kwenye tangi la chumvi, jazia maji yasiyo na chumvi: chumvi haiendi na mvuke.

Vya kuwekea bakteria, ambao hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, havina haja ya gharama. Sponji nene, vipande vya seramiki au mawe ya volkano vinatosha, mradi maji yapite soksi ya kunasa uchafu kwanza. Soksi ioshwe kila wiki, kabla haijaziba maji yakaanza kuipita juu.

Ukimaliza kufunga, kabla ya samaki yeyote kuingia, zima pampu kwenye swichi na utazame sampu mpaka maji yatulie. Bandika utepe penye usawa huo. Washa tena, na maji yakitulia bandika wa pili: usijazie kupita hapo pampu ikiwa inafanya kazi.